Foleni ya viwango ianze na uji wa mtoto

Chukua gramu moja ya aflatoksini, sumukuvu inayotoka kwenye ukungu wa mahindi na karanga. Igawanye sawasawa kwenye magunia elfu moja ya mahindi, kila gunia kilo mia. Hapo umefika kwenye mpaka ambao nchi za Afrika Mashariki zimekubaliana usivukwe: mikrogramu 10 kwa kila kilo ya mahindi, na kati ya hizo, aina ya B1 iliyo kali kuliko zote isizidi 5. Gramu moja, magunia elfu. Ukiongeza kidogo tu, shehena nzima haifai kuliwa.

Kiwango hicho kipo na kimeandikwa na watu wanaoijua kazi yao. Ninachotaka kukizungumzia leo ni kile kinachofuata. Viwango vya chakula havikai milele. Kila baada ya miaka michache hupitiwa, vingine vikakazwa, vingine vikafutwa, vingine vikaandikwa upya kabisa. Lakini wataalamu ni wachache, maabara ni chache na fedha za kupima ni chache zaidi, kwa hiyo haiwezekani kushughulikia vyote kwa mara moja. Lazima kiwepo cha kwanza na cha pili, na lazima kiwepo kitakachosubiri miaka mitano au kumi. Foleni hiyo ipo. Mwananchi wa kawaida hajui nani yuko mbele, nani yuko nyuma, wala ni nani aliyewapanga.

Tangu Julai 2019 dhamana ya usalama wa chakula Tanzania Bara iko mikononi mwa Shirika la Viwango, TBS, baada ya kuondolewa kwenye iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa. Mwandishi wa kiwango na msimamizi wake wako nyumba moja. Wapo walioyapinga mabadiliko hayo, na hoja zao zilikuwa na uzito. Lakini yalikuja na jambo moja jema: sasa tunajua wa kumuuliza.

Na swali la kumuuliza ni hili: mabadiliko ya viwango hupangwa kwa kumwangalia nani? Mkataba wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu vikwazo vya kiufundi unataka shirika la viwango lichapishe mpango wake wa kazi angalau mara moja kila miezi sita, na rasimu ya kiwango ikae wazi kwa maoni kwa muda usiopungua siku 60. Ni utaratibu mzuri. Ila ukiuangalia vizuri utaona uliwekwa kwa ajili ya mfanyabiashara wa nchi nyingine, asije akashtukizwa mpakani. Yeye ana mwanasheria wa kuisoma rasimu na ana sababu ya kuisoma. Mama anayesaga kilo tano za mahindi Chamwino hana habari kwamba kuna rasimu, na siku 60 zitapita, hata zingekuwa 600, bila neno lake kufika popote.

Ndiyo maana kengele ya biashara ikilia tunaisikia haraka kuliko kengele ya hospitali. Machi 5, 2021 mamlaka ya kilimo na chakula ya Kenya iliandika barua ya kuzuia mahindi ya Tanzania na Uganda yasiingie nchini humo, kwa sababu ya sumukuvu. Malori yakakwama Namanga. Siku hazikufika kumi, mawaziri walikuwa wamekwishazungumza, zuio limeondolewa na masharti yametolewa: mwagizaji asajiliwe, na mzigo uje na cheti kinachoonyesha haujazidi kile kiwango cha 10. Nchi nzima ikajifunza neno sumukuvu wiki ile. Lakini miaka mitano kabla yake, mwaka 2016, familia za Dodoma na Manyara zilikuwa zimeugua manjano na kuvimba matumbo kwa kula mahindi yao wenyewe. Waliougua walizidi 60, na karibu 20 walifariki, watoto wakiwemo. Na kabla ya hapo, mwaka 2004, Makueni na Kitui nchini Kenya na wilaya za jirani zilipata maafa makubwa zaidi: wagonjwa 317, vifo 125.

Lori lililokwama halikuwa jambo dogo. Nyuma yake kuna mkulima wa Kibaigwa anayesubiri pesa ya ada. Lakini foleni ya viwango ikipangwa kwa kelele za mpakani pekee, chakula kinachokwenda nje kitazidi kusafishwa na kinachobaki nyumbani kitaendelea kuwa kama kilivyo. Anayelima parachichi la kuuza Ulaya ana mnunuzi anayemkagua kila msimu, kiwango chetu kiwepo kisiwepo. Unga wa ndani hauna mnunuzi wa namna hiyo. Mlinzi wake pekee ni Serikali.

Kwa hiyo mimi ningeipanga foleni kwa kuangalia nani anakula nini, kwa wingi gani, na mwili wake una uzito gani.

Tufanye hesabu kidogo. Mtu mzima wa kilo 60 anayekula gramu 400 za unga kwa siku, wenye sumukuvu pale pale kwenye kikomo cha 10, ameingiza mikrogramu 4. Kwa kila kilo ya mwili wake ni kama 0.07. Mtoto wa kilo 9 akinywa uji uliopikwa kwa gramu 100 tu za unga ule ule, ameingiza mikrogramu 1, ambayo kwa kila kilo ya mwili wake ni 0.11. Wote wawili wamekula unga halali. Wote wawili wako ndani ya sheria. Lakini mtoto amepata mzigo wa zaidi ya mara moja na nusu ya mzazi wake, kwa ini ambalo bado linakua, na uji huo ataunywa asubuhi na jioni, kesho na kesho kutwa.

Na tukumbuke uji wenyewe una nini. Unga wa lishe unaouzwa mitaani, na ule ambao mama huuchanganya mwenyewe baada ya mafunzo ya kliniki, mara nyingi una mahindi na karanga pamoja. Hayo ndiyo mazao mawili yanayoongoza kwa kuvamiwa na ukungu huo. Tumeyaweka kwenye bakuli moja, tukampa aliye mdogo kuliko wote nyumbani, tena kwa nia njema kabisa. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha B1 kwenye vyakula vya nafaka vya watoto wachanga kuwa mikrogramu 0.1 kwa kilo, yaani mara hamsini chini ya 5 yetu ya mahindi ya wote. Sisemi tunakili namba hiyo kesho asubuhi. Tukifanya hivyo hakuna kikundi cha akina mama kitakachobaki na leseni, na biashara yote itahamia gizani. Ninachosema ni kwamba chakula cha mtoto chini ya miaka miwili kinastahili kikomo chake, kikali kuliko cha watu wazima, kinachoshuka kwa hatua zinazojulikana, na kianze kushughulikiwa kabla ya kitu kingine chochote. Utafiti wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Wanasayansi bado wanabishana ni sehemu gani ya udumavu huo inatokana na sumukuvu. Kwamba sumu hiyo huleta saratani ya ini, na kwamba hatari huongezeka sana kwa mwenye homa ya ini ya aina B, hilo halina ubishi tena.

Kuna jambo jingine linalonisumbua zaidi, nalo ni namna viwango vinavyoandikwa kimojakimoja, kila kamati na zao lake, wakati chakula chenyewe kinazunguka. Angalia safari ya punje ya mahindi. Kwa miaka mingi tumewahimiza watu wale dona, kwa sababu kukoboa huondoa ganda na kiini ambamo mna mafuta, vitamini na sehemu ya protini. Ushauri huo ni wa kweli. Lakini ganda na kiini ndimo pia sumukuvu inamojikusanya zaidi, na tafiti zimeonyesha mara nyingi kwamba kukoboa huipunguza sana. Basi mahindi yakiwa safi, dona ni bora. Yakiwa yameguswa na ukungu, dona inampa mlaji lishe yote na sumu yote. Mshauri wa lishe anasema hivi, mshauri wa usalama wa chakula anasema vile, na mama anayewasikiliza wote wawili anarudi nyumbani na gunia lile lile.

Hadithi haiishii hapo. Pumba zilizotoka mashineni hazitupwi. Zinauzwa kwa wafugaji, na sumu iliyopungua kwenye sembe imeongezeka kwenye gunia la pumba. Ng'ombe wa maziwa akizila, mwili wake huibadili B1 kuwa M1 na kuitoa kupitia maziwa. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka M1 kwenye maziwa isizidi mikrogramu 0.5 kwa kilo. Nani anaipima kwenye maziwa yanayozungushwa na baiskeli asubuhi? Na anayekunywa maziwa hayo kuliko wote ni nani, kama si mtoto yule yule wa uji? Ukikaza kiwango cha unga bila kugusa kiwango cha chakula cha mifugo, umehamisha sumu kutoka kwenye sufuria moja kwenda nyingine. Kamati ya nafaka, kamati ya maziwa na kamati ya vyakula vya mifugo zingepaswa kukaa chumba kimoja, zikaandike mabadiliko yao kwa ratiba moja. Hilo halihitaji maabara mpya. Linahitaji mkutano.

Sasa nije kwenye hoja ya wale wanaoniambia kwamba kukaza viwango kunamuumiza maskini. Wana haki ya kuuliza. Mahindi yanayokataliwa na kiwanda au na mnunuzi mkubwa hayayeyuki. Yanarudi. Yanashushwa bei, yanachanganywa na mengine, na mwisho yanaliwa na yule asiye na uwezo wa kuchagua. Kiwango kisichosema mahindi yaliyokataliwa yaende wapi kimegawa sumu kwa kipato: mwenye nacho anakula unga wenye nembo, asiye nacho anakula mabaki ya ukaguzi. Kwa hiyo kila badiliko la kukaza lazima liandamane na njia ya kutokea, iwe ni kiwanda cha kutengeneza spiriti, iwe ni chakula cha mifugo isiyotoa maziwa kwa kipimo kilicho salama, iwe ni kuteketeza kwa fidia. Bila fidia hakuna mkulima atakayejitokeza kusema mahindi yangu yameharibika. Angefanyaje, wakati hayo ndiyo mavuno ya mwaka mzima?

Tena kuna ugumu wa kupima wenyewe. Ukungu hausambai sawasawa. Gunia zima linaweza kuwa safi isipokuwa punje chache zenye sumu kali, na bambo ya mkaguzi isipozigusa, cheti kitatoka kisafi. Ikizigusa, shehena njema itahukumiwa. Kwa hiyo utaratibu wa kuchukua sampuli ni muhimu kuliko mashine ya kupimia, na ndio unaopewa nafasi ndogo kuliko yote kwenye mijadala. Kama ningeruhusiwa kuchagua ukurasa mmoja tu wa kiwango cha mahindi uandikwe upya mwaka huu, ningechagua huo.

Lakini hata sampuli haimfikii msagaji wa kijijini. Sehemu kubwa ya unga wa taifa hili hausagwi kwenye viwanda vinavyojulikana kwa majina. Unasagwa kwenye mashine ndogo, mteja akiwa na ndoo yake kichwani. Pale hakuna shehena wala cheti. Kikomo cha 10 hakina maana yoyote kwa mwenye mashine ambaye hawezi kukipima wala kukiona kwa macho. Kiwango chenye maana kwake ni cha vitendo: mahindi yakaushwe kwenye turubai au kichanja, si kwenye udongo; unyevu usizidi asilimia 13.5, ambayo kiwango cha Afrika Mashariki tayari kinaitaja. Punje zilizovunda, zilizobadilika rangi na zilizotobolewa na wadudu zichambuliwe kabla ya kusaga. Mashine isipokee mahindi mabichi. Unyevu unaweza kukadiriwa hata kwa chupa kavu na chumvi kavu: weka punje na chumvi, tikisa, acha kidogo, chumvi ikinata kwenye kioo mahindi bado. Mabwana shamba wamekuwa wakifundisha njia hiyo. Mahali pake ni kwenye kiwango, kwa maandishi, kama njia inayokubalika kwa msagaji mdogo.

Na kiandikwe kwa Kiswahili. Viwango vyetu vya chakula kwa sehemu kubwa huandikwa kwa Kiingereza na nakala zake huuzwa. Tumemwandikia mtu sheria kwa lugha asiyoitumia kazini, tukaiuza, kisha tunamfungia mashine kwa kutoijua. Naitambua kazi ya TBS ya kuwapa wajasiriamali wadogo leseni ya nembo bila malipo kwa miaka yao ya mwanzo. Ni hatua ya maana. Hatua inayofuata haina gharama kubwa: viwango vyote vya lazima vinavyohusu chakula cha kila siku, unga, maziwa, mafuta, chumvi na chakula cha watoto, vitafsiriwe na vitolewe bure.

Kwamba mpango wa kubadili viwango kwa hatua za miaka kadhaa unawezekana, tunao mfano barani mwetu. Afrika Kusini ilipoamua kupunguza chumvi kwenye vyakula vya viwandani, ilitangaza kanuni mwezi Machi 2013 na kuweka tarehe mbili mbele. Kwa mkate, sodiamu isizidi miligramu 400 kwa kila gramu 100 kuanzia Juni 30, 2016, kisha isizidi 380 kuanzia Juni 30, 2019. Mwoka mikate alijua miaka mitatu kabla kwamba siku fulani mkate wake lazima uwe umebadilika. Alipata muda wa kujaribu na kuwazoesha wateja wake. Hakuna aliyeweza kusema ameshtukizwa. Ninauona huo kuwa ndio ustaarabu wa kuongoza: tarehe imetajwa, namba imetajwa, na mwenye wajibu anajijua.

Kwa mtindo huo huo, jambo ambalo ningeliweka la pili kwenye foleni ni mafuta ya transi, yale yanayotokana na mafuta ya mimea kugandishwa viwandani. Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi mwaka 2018 ziyaondoe kwenye chakula, yasizidi gramu 2 kwa kila gramu 100 za mafuta yote. Afrika Kusini ilikwishaweka kikomo hicho mwaka 2011. Ninaliweka karibu na mbele kwa sababu ni rahisi: mafuta hayo yanapita kwenye viwanda na waagizaji wachache wanaojulikana, hayana ladha ambayo mlaji ataikosa, na mbadala upo. Badiliko moja kwenye kiwango linamkinga kila anayekula maandazi na keki, bila yeye kubadili chochote. Mambo ya rangi za vinywaji na ukubwa wa maandishi kwenye lebo yanaweza kusubiri kidogo. Nyuma yake kabisa ningeweka madaraja ya ubora yanayomsaidia mnunuzi kupanga bei tu.

Najua kuna kazi ya kufanywa shambani pia. Bidhaa kama Aflasafe, ambayo ni ukungu wa jamii ile ile usiotengeneza sumu na ambao hunyunyizwa shambani wiki mbili tatu kabla mahindi hayajachanua ili uushinde ule mbaya, imekwisha kusajiliwa nchini. Mifuko isiyopitisha hewa, ile inayoitwa kinga njaa, inauzwa kwenye maduka ya pembejeo. Vyote hivyo vina kazi kubwa kuliko karatasi yoyote ya kiwango. Ila mkulima hatanunua mfuko wa bei ya juu kama gunia lake safi linauzwa bei moja na gunia la jirani lililoota ukungu. Kiwango kinachosimamiwa sokoni ndicho kinachompa sababu.

Hapo ndipo swali la fedha linapoingia. Halmashauri zetu hutoza ushuru wa mazao, na karibu kila barabara inayotoka kwenye maeneo ya mahindi ina kizuizi ambapo gari husimama, afisa hukagua stakabadhi na magunia huhesabiwa. Hakuna anayepima unyevu pale. Kifaa cha kupima unyevu wa nafaka hubebwa mkononi na hutoa jibu kwa dakika. Sehemu ya ushuru unaokusanywa kwenye vizuizi hivyo na kwenye masoko kama Kibaigwa itengwe kwa sheria kununua vifaa hivyo, kumlipa mtu wa kuvitumia, na kupeleka sampuli chache maabara kila wiki ya msimu, na majibu yabandikwe sokoni kwa Kiswahili. TBS nayo ichapishe orodha ya viwango vya chakula inavyokusudia kuvibadili katika miaka mitano ijayo, ikitaja tarehe na sababu za mpangilio wake, na iipeleke kwenye vikao vya kata na kliniki za watoto kama inavyopeleka taarifa zake Geneva, kwa ajili ya mkataba ule wa Shirika la Biashara Duniani. Kwenye kamati ya unga wa lishe wapewe viti wasagaji wawili wa mashine ndogo na wauguzi wawili wa kliniki, nauli zao zilipwe. Mavuno ya nyanda za juu huanza kushuka Mei. Kazi hiyo ikianza sasa, gunia la kwanza la msimu ujao litakuta mtu kizuizini mwenye kifaa mkononi.